Marafiki wa Magofu Wanapopungua

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi hayakuanzishwa na serikali. Mwaka 1909 wapenzi wa ndege, wadudu na mimea waliunda chama chao cha elimu ya viumbe vya Afrika Mashariki na Uganda, wengi wao wakiwa walowezi, wamisionari na maofisa wa kikoloni. Mwaka uliofuata walipata mahali pa kuweka vielelezo vyao, pale linaposimama jengo la Nyayo House leo. Jengo la Museum Hill, lililopewa jina la Gavana Robert Coryndon, lilifunguliwa mwaka 1930. Serikali ya Kenya huru ilirithi makumbusho ambayo tayari yalikuwa na mikusanyo na mazoea yake. Chama chenyewe hakikufa. Leo kinajulikana kama Nature Kenya.

Wananchi kwanza, serikali baadaye: mpangilio huo ni wa kawaida kuliko inavyodhaniwa, na ndani yake kuna mzizi wa tatizo linalovisumbua vikundi vingi vya marafiki wa makumbusho, magofu, misikiti ya kale na misitu ya jadi. Watu wachache wanaona kitu kinaharibika. Wanapiga kelele, wanachanga, wanafyeka, wanaandika barua. Kelele zikisikika inakuja idara yenye sheria, mlinzi wa geti na kitabu cha stakabadhi. Kazi zenye uzito zinahamia kwa waajiriwa. Wale wa mwanzo wanabaki na vyeo, yaani mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mlezi, pamoja na mkutano wa kila mwezi. Baada ya muda watu wanalalamika kwamba moyo wa kujitolea umetoweka nchini.

Dalili za kikundi kilichofikia hapo hazihitaji darubini. Kundi la WhatsApp lina majina mengi na salamu za Ijumaa na Jumapili, lakini siku ya kusafisha eneo wanafika wale wale wanne. Akidi ya mkutano haitimii, hivyo uchaguzi unaahirishwa, na viongozi ambao muda wao umekwisha wanaendelea kwa sababu hakuna wa kuwapokea. Katibu ndiye anayeandika muhtasari, anayepokea wageni, anayenunua maji ya kunywa na anayepigiwa simu mlinzi asipofika. Mkuu wa kituo anakiona kikundi kama watu wanaokuja kulalamika. Kikundi nacho kinamwona mkuu wa kituo kama mtu anayewazuia kufanya kazi waliyoianza wao.

Dawa inayokimbiliwa na wengi ni kuongeza. Hufanywa kampeni ya wanachama wapya, huchapishwa fulana, huundwa kamati ndogo tatu, huandikwa andiko la mradi kwa mfadhili. Uzoefu wa vikundi vilivyowahi kulegea vikasimama tena unaelekeza kinyume chake. Kikundi kinachoyumba kinahitaji kwanza kupunguza: kubaki na kazi moja au mbili zinazojulikana ni zake, zenye siku, zenye mipaka, na zilizokubaliwa kwa maandishi na mwenye eneo. Wanachama na fedha huja nyuma ya kazi. Mara chache sana huja mbele yake.

Kwa nini watu huja kwa wingi mwanzoni kisha wakapotea? Jibu la kwanza ni kwamba vikundi vingi huzaliwa na hatari. Desemba 1853, Ann Pamela Cunningham wa South Carolina, mwanamke aliyeishi na maumivu ya mgongo tangu alipoanguka kutoka kwenye farasi akiwa kijana, aliandika barua ya wazi gazetini akiwaita wanawake wa Kusini mwa Marekani waokoe nyumba ya George Washington iliyokuwa ikibomoka kando ya mto Potomac. Serikali kuu na ya jimbo zote mbili hazikuinunua. Wanawake hao walichangisha dola 200,000, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo, na mwaka 1860 wakakabidhiwa Mount Vernon. Chama chao kinaimiliki hadi leo. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka, nyumba ikajikuta kati ya majeshi mawili, na katibu wa chama, Sarah Tracy, alibaki hapo akiilinda miaka yote ya vita.

Hadithi ya kuchangisha ndiyo inayosimuliwa kila mahali. Iliyo muhimu zaidi kwa kikundi kinachoyumba ni muundo uliobaki baada ya hamasa kupoa. Kila jimbo lilikuwa na makamu mmoja mwenye wajibu wa kukusanya fedha kwake, na wote walikutana kuamua mambo ya nyumba ile. Mtu alijua sehemu yake. Cunningham mwenyewe aliacha uongozi mwaka 1874, akiwa hai, chama kikaendelea bila yeye.

Lamu imepitia hamasa ya aina hiyo hiyo kwa namna yake. Mpango wa bandari ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET, na baadaye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, uliwaunganisha wavuvi, wanawake, vijana na wazee wa Mji wa Kale, ambao umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, chini ya muungano wa Save Lamu. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo huo. Ushindi wa wananchi wa kawaida dhidi ya mradi mkubwa namna ile ni jambo la kujivunia pwani nzima. Lakini kazi ya mahakamani ina mwanzo na mwisho, ina adui anayejulikana, na ina siku ya hukumu ambayo watu hufunga safari kuifuata. Mitaro iliyoziba, ukuta wa matumbawe unaovimba kwa unyevu na boriti zinazoliwa na mchwa havina siku ya hukumu. Kiongozi anayejaribu kuendesha matengenezo ya kila mwezi kwa lugha ya mapambano atawachosha watu wake haraka, kwa sababu hakuna anayeweza kuishi katika hali ya dharura miaka kumi.

Hapo ndipo inafaa kutazama mahali ambapo watu wameifanya kazi ya kila siku iwe yenyewe ndiyo kivutio.

Reli nyembamba ya Talyllyn, Wales, ilijengwa katika miaka ya 1860 kwa ajili ya kubeba mawe ya kuezekea nyumba. Mmiliki wake, Sir Henry Haydn Jones, alifariki Julai 1950, na kila aliyeifahamu alijua kwamba reli ile ingekufa pamoja naye. Oktoba mwaka huo mwandishi L. T. C. Rolt na wenzake waliitisha mkutano hotelini Birmingham, na Mei 1951 treni zikaanza kutembea chini ya chama chao. Ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Hali yake ilitisha: njia iliyozama kwenye majani, mataruma yaliyooza, injini moja tu ya kutegemewa. Injini mbili nyingine walizinunua kutoka shirika la reli la taifa kwa pauni 25 kila moja.

Chama hicho kingeweza kufa mwaka wa pili. Watu walipenda kuendesha treni. Wachache walipenda kubadilisha mataruma kwenye mvua. Kilichoiponya Talyllyn ni kwamba tangu mwanzo haikudanganyika kwamba moyo unatosha. Rolt alikaa huko kama meneja kwa misimu ya 1951 na 1952. Palikuwa na watu wachache wa mshahara kwa kazi ambazo haziwezi kusubiri wikendi, na pembeni yao wanaojitolea waliopangwa kwa zamu: fundi wa injini, mkaguzi wa tiketi, mlinzi wa behewa, mfyekaji. Kasisi W. Awdry, mtunzi wa hadithi za watoto za injini ya treni iitwayo Thomas, alikuwa miongoni mwa waliojitolea huko mwaka 1952, kama mlinzi wa behewa, na reli ile ikaingia katika vitabu vyake. Leo bado kuna wafanyakazi wachache wa mshahara na mamia ya wanaojitolea. Mtu anajiandikisha kwa kazi fulani, siku fulani, na anafunzwa hadi aruhusiwe kuifanya peke yake. Kupanda kutoka kusafisha injini hadi kuiendesha ni safari ya miaka, na safari hiyo ndiyo inayomrudisha mtu msimu baada ya msimu.

Mfano wa Wales, hata hivyo, una nguzo moja ambayo haionekani kwa haraka. Wengi wanaojitolea katika reli na makumbusho ya Uingereza ni wastaafu wenye pensheni, au waajiriwa wenye likizo ya kulipwa. Muda wao umeshalipiwa mahali pengine. Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam, anayetaka kuwaongoza wanafunzi katika Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, analipa nauli ya daladala kwenda na kurudi, anakula mchana kwa fedha yake, na siku hiyo hakuenda kutafuta kibarua. Anatoa muda wake pamoja na fedha ambayo nyumbani ilikuwa na matumizi.

Ndiyo maana mjadala wa posho katika vikundi vya Afrika Mashariki haupaswi kufungwa kwa kusema kwamba vijana wa siku hizi wanapenda hela. Jadi ya kazi za pamoja katika eneo hili haikuwahi kuwa kazi ya bure kwa maana hiyo. Watu wa milimani kaskazini mashariki mwa Tanzania walipoitwa kwenye msaragambo kuchimba mfereji au kutengeneza barabara, kazi ilikuwa ya siku zinazojulikana, kila kaya ilitoa mtu, na mfereji ulipokamilika maji yalifika kwenye shamba la kila aliyechimba. Manufaa yalionekana, na zamu ilikuwa na kikomo. Anayemwita mtu kila Jumamosi bila kikomo, kusafisha eneo ambalo viingilio vyake vinakwenda kwenye akaunti asiyoijua, anaomba kitu ambacho msaragambo haukuwahi kuomba.

Njia ya kutoka ni kutenganisha mambo matatu ambayo vikundi vingi huyachanganya hadi yakazua ugomvi. Nauli na chakula ni gharama, na mwenye kugharimika arudishiwe kwa stakabadhi, kila mtu kiwango kimoja. Kazi ya ustadi, kama ya fundi wa chokaa au mtembeza wageni wa kila siku, ni ajira na ilipwe kama ajira. Kinachobaki, yaani saa chache ambazo mtu amezitoa kwa kupenda, ndicho kujitolea. Mkanganyiko huanza pale kiongozi anapolipwa posho ya kikao huku mfyekaji akipewa maji ya chupa.

Gede, kilomita chache kutoka Malindi, ilionyesha jinsi riziki inavyoweza kubadilisha uhusiano wa watu na urithi. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 wakulima wengi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke walitamani ukatwe wapate mashamba. Tembo na nyani waliwaletea hasara, na msitu haukuwapa chochote kinachoonekana. Mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 na kuweka makao yake kwenye magofu ya Gede, uliwafundisha kufuga viwavi vya vipepeo wa msituni na kuuza mabundo (pupa) yake kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mfugaji anahitaji msitu usimame ili apate vipepeo wazazi. Hakuna aliyeombwa apende mazingira kwanza. Gede yenyewe iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia Julai 2024, ikiwa na majirani ambao baadhi yao kwa miaka mingi wamepita hapo kwa shughuli ya kipato, mbali na siku za sherehe.

Kilwa ni mfano mwingine wa jambo hilo, na ni mgumu zaidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati ambamo mafundi wenyeji walifundishwa kujenga kwa chokaa na mawe ya matumbawe. Vijiji vilikuwa na kamati za magofu. Mradi wa ukarabati unapokuwepo, kamati ina kazi: kuchagua vibarua, kulinda vifaa, kusuluhisha mambo ya ardhi na njia. Mradi unapokwisha, kamati inabaki na mhuri. Juu ya hilo usimamizi wa eneo ukahamishiwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, kama ambavyo Kaole, karibu na Bagamoyo, ilivyowekwa chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Yapo mema katika uhamisho huo, kwani mamlaka hizo zina fedha na magari kuliko Idara ya Mambo ya Kale ilivyokuwa. Kwa kamati ya kijiji, hata hivyo, kila uhamisho wa namna hiyo ni kuanza upya: ofisa mgeni, taratibu ngeni, na ahadi za mdomo za ofisa aliyeondoka hazijulikani kwa aliyekuja.

Kwa hiyo suala la makubaliano ya maandishi si la wanasheria peke yao. Ndilo linaloamua kama kikundi kitavuka mabadiliko ya uongozi upande wa pili wa meza.

Msitu wa Karura, Nairobi, unalionyesha jambo hili kwa uwazi kuliko mahali pengine popote katika eneo letu. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement waliupigania dhidi ya wanyakuzi wa ardhi, na Januari 1999 Maathai alipigwa hadi akajeruhiwa alipokwenda kupanda miti. Msitu uliokolewa, lakini kwa miaka kadhaa watu waliogopa kuingia humo. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyofungua mlango: ilitambua vyama vya jamii na kuviruhusu kusimamia misitu pamoja na shirika la serikali, KFS, kwa mkataba. Chama cha Friends of Karura kilichoundwa baadaye kilipata hadhi hiyo, kikachangisha fedha za uzio wa umeme, kikaajiri walinzi kutoka mitaa jirani, na msitu ukawa mahali ambapo familia hutembea na kuendesha baiskeli. Mwaka 2025 mvutano ulizuka kati ya chama na KFS kuhusu akaunti ya kupokelea viingilio, serikali ikitaka vilipwe kupitia eCitizen, mfumo wake wa malipo wa mtandaoni, ukafika mahakamani. Mkataba haukuzuia ugomvi. Lakini ulikipa chama mahali pa kusimama mbele ya hakimu, jambo ambalo kikundi chenye barua ya kukaribishwa tu kisingekuwa nalo.

Vikundi vya magofu na majengo ya kale vina kazi ngumu zaidi hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya mwaka 1964, na iliandikwa kwa mtazamo kwamba mlinzi wa urithi ni ofisa wa serikali. Hivyo hati ya makubaliano lazima iandikwe kwa makini na pande mbili zenyewe. Kurasa mbili zinatosha. Zinapaswa kusema kikundi kinaruhusiwa kufanya nini bila kuomba ruhusa kila mara, hakiruhusiwi nini kabisa, ni nani upande wa mamlaka anayejibu barua zake na kwa muda gani, fedha inayopatikana kwa kazi ya kikundi inakwenda wapi, na hati itapitiwa upya lini. Kipengele cha kutoruhusiwa kina uzito sawa na cha kuruhusiwa. Kuta za chokaa na matumbawe huharibika zikizibwa kwa saruji, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko ukuta na hufungia unyevu na chumvi ndani yake. Mti uliootea ukutani ukivutwa kwa nguvu hutoka na mawe. Mengi ya madhara haya hufanywa na watu wema wenye haraka. Na Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash lililosimama Forodhani, Zanzibar, tangu 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea na kuua watu wawili. Jengo lenye ufa si mahali pa kupeleka wanafunzi wenye mafagio.

Kuna mengi ya maana ambayo hayahitaji ngazi wala mwiko. Kupiga picha ufa ule ule, kutoka pale pale, kila mwezi. Kuzibua mifereji ya paa kabla ya masika. Kurekodi wazee wanaokumbuka nani aliishi chumba kipi. Kuwapokea wanafunzi kwa siku maalumu. Picha za kila mwezi za ufa mmoja kwa miaka mitano ni kitu ambacho mhandisi wa serikali anakihitaji na mara nyingi hana.

Baganda wamefahamu kwa muda mrefu thamani ya kazi kuwa na mwenyewe. Kwenye makaburi ya Makabaka huko Kasubi, kuezeka nyasi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na kupamba ni ya ukoo wa Ngo. Hakuna anayeuliza zamu ni ya nani. Nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea Machi 16, 2010. Kuijenga upya kulichukua miaka mingi, kukiwa na mabishano kuhusu fedha, moto na namna ya kujenga, na Kasubi ilitoka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Muda huo wote mengi yalibishaniwa, lakini wajibu wa kuezeka ulikuwa na mwenyewe. Kikundi cha mjini hakiwezi kujitengenezea koo, lakini kinaweza kuamua kwamba bustani ya nyuma ni ya darasa fulani la shule jirani, na kwamba kitabu cha wageni kiko chini ya watu wawili wanaojulikana kwa majina.

Nature Kenya, kile chama cha 1909, kina jambo jepesi kuliko yote. Kila Jumatano asubuhi watu hukutana makumbushoni Nairobi kwa matembezi ya kutazama ndege. Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971 na kuyaongoza kwa miongo mitano. Hayana andiko la mradi. Mgeni wa jiji anaweza kufika bila kumjua mtu, akatembea, akajifunza majina ya ndege watatu, akarudi wiki inayofuata. Miongoni mwa vijana waliopita hapo wametoka waongoza watalii na wataalamu wa ndege. Mwaka huo huo wa 1971 iliundwa pia Kenya Museum Society, marafiki rasmi wa makumbusho, ambao mihadhara yao ya Know Kenya na maonyesho ya kuuza picha, Affordable Art Show, yamekuwa tegemeo la kuchangia makumbusho. Katika yote mawili kinachoonekana ni kalenda. Mtu anajua lini, wapi, na afanye nini akifika. Kambi za vijana wa kujitolea, ambazo UNESCO imeziunga mkono katika maeneo ya Urithi wa Dunia tangu 2008, huleta nguvu na furaha kubwa kwa siku chache, na ni vizuri zije. Ila magugu huota tena mvua ikinyesha, na aliyeyang'oa amesharudi chuoni.

Lipo swali linaloepukwa mikutanoni kwa sababu linauma: je, watu wa hapa wanajiona katika hadithi ya mahali hapa? Maktaba ya McMillan ya Nairobi, iliyofunguliwa 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao hadi 1958. Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walipoanzisha Book Bunk, shirika la kufufua maktaba, mwaka 2017 na kuingia ubia na Kaunti ya Nairobi, hawakuanzia kwenye jengo hilo kubwa lenye nguzo. Walitengeneza kwanza matawi ya Kaloleni na Makadara, Eastlands, ambako watoto walikuwa wanasubiri mahali pa kusomea. Huo ulikuwa uamuzi wa hekima kuhusu utu kuliko kuhusu majengo. Mount Vernon nayo ilichukua muda mrefu kusema kwa sauti kwamba mamia ya watumwa waliishi na kufa pale. Jiwe la kwanza la kuwakumbuka liliwekwa 1929, na mnara mwaka 1983. Eneo la pwani linalosimulia masultani na Wareno tu, bila mabaharia, wapagazi, watumwa na wanawake wa nyumba za udongo zilizoizunguka ngome, lisishangae kwamba wajukuu wa watu hao hawaji kufagia.

Kwenye uongozi, somo limeshapikwa vijijini. Vikundi vya kuweka na kukopa, vya VICOBA na vinavyofanana navyo, vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Hesabu husomwa mbele ya wote kila mkutano, anayechelewa hutozwa faini, na mzunguko una mwisho ambapo kila kitu hugawanywa na kuanza upya. Wanawake wengi walio katika kamati za urithi wanaendesha nidhamu hiyo mtaani kwao, kisha wanakuja kwenye kikundi cha makumbusho ambako akaunti inasainiwa na mwanzilishi na mpwa wake. Mwanzilishi kwa kawaida ni mtu mwema aliyetoa miaka ya maisha yake. Kumwondoa kwa aibu ni dhuluma na huvunja kikundi. Kumpa kazi nyingine yenye heshima, kama ya kuandika historia ya eneo au kuwafunza watembeza wageni, huku kipindi cha uongozi kikiwekewa kikomo katika katiba, ni jambo linalowezekana likisemwa mapema na kwa adabu.

Mwenyekiti mpya anayekabidhiwa kikundi kilicholegea afanye nini basi katika miezi yake ya kwanza? Aanze kwa kuwapigia simu waliokwisha kuacha, mmoja mmoja, na kuwasikiliza kabla ya kuwaomba chochote. Waliobaki hawajui kwa nini wengine waliondoka, wanadhani wanajua. Aketi na mkuu wa kituo amuulize ni kazi gani moja ambayo ingempunguzia mzigo kweli. Akipata jibu, afunge kamati zilizolala, asitishe kwa muda andiko la mradi, na atangaze kazi hiyo moja kwa siku isiyobadilika, mathalani Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili hadi saa tano asubuhi, chai ikiwepo. Akifika na watu watano, kazi ifanyike na watu watano, na imalizike saa tano kama ilivyosemwa. Kumaliza kwa wakati ni heshima kwa mama mwenye soko na kijana mwenye kibarua cha jioni. Majina ya waliofika yaandikwe, na mkuu wa kituo apelekewe taarifa ya nusu ukurasa. Baada ya nusu mwaka atakuwa na kitu cha kumwonyesha mfadhili, na pengine atagundua kwamba mahitaji yake ya fedha ni madogo kuliko alivyodhani.

Si kila kikundi kitainuka, na kuna vikundi ambavyo kazi yake imekwisha kwa sababu mamlaka imeichukua na inaifanya vizuri. Kufunga kikundi kwa utaratibu ni huduma kwa urithi. Katiba nyingi zina kifungu kinachosema mali iende wapi kikundi kikivunjwa, lakini mara chache kinatekelezwa. Akaunti huachwa na shilingi chache, na picha, kanda za mahojiano na vipimo vya kuta hubaki kwenye simu na kompyuta za watu binafsi hadi zinapoharibika. Mkutano wa mwisho unapaswa kuitishwa kama mikutano mingine, hesabu zisomwe, msajili aarifiwe, na kumbukumbu zote zikabidhiwe kwa orodha iliyosainiwa, nakala moja kwa mamlaka ya eneo na nyingine kwenye maktaba au chuo kilicho karibu, pamoja na jina la mtu atakayeweza kueleza picha ipi ilipigwa ukuta gani.